Mgomba Uliopiga Kinanda

Harufu ya utomvu wa mgomba ikinipata mahali popote, hata leo, mkono wangu hukimbilia kifuani kabla sijauagiza. Nina sababu. Nilipokuwa mtoto wa miaka minane au tisa niliamini kwa moyo wangu wote, na kwa kipande cha moyo nilichoazima kwa jirani, kwamba mwimbaji mashuhuri Silva Vidole, yule wa mabango, yule wa kinanda cheupe, hakuwa mtu. Alikuwa mgomba wa ndizi. Pale Mundika kwetu habari hii haikuwa na mpinzani, na ushahidi wake ungejaza trela. Silva huimba ameketi, na nani asiyejua kwamba mgomba hauna miguu? Tena hujifuta jasho kwa kitambaa cheupe, na kwenye vibanda vya video vya Busia watu waliapa kuwa kitambaa kile hutoka usoni kikiwa na madoa ya kahawia. Na aliyewahi kukata mkungu anajua doa la utomvu halitoki hata nguo ichakae. Sauti yenyewe laini mno, haina mfupa ndani. Lakini lililonihusu mimi kuliko viumbe wote duniani ni kwamba mgomba hauna mapafu, kwa hiyo kila anapotaka kuimba lazima avute pumzi ya mtu mwingine, na mtu huyo ni yule aliyepewa jina lake. Aliyepewa jina lake ni mimi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Langu lilikuwa limeshafika na kuvua viatu: kila Silva alipoimba redioni, mimi nilikohoa hadi nikaona nyota saa saba za mchana.

Kabla hajawa mgomba alikuwa mjomba wangu wa damu, kaka mkubwa wa mama, jina lake la ubatizo Silvano. Kinanda alijifunzia kanisani. Kinanda kile kilitumia betri ya gari, na betri ilichajiwa mjini. Kazi ya kuipeleka kwa baiskeli ilikuwa yake, na malipo yake yalikuwa ruhusa ya kukipiga baada ya ibada hadi betri ife. Basi alijifunza kupiga kama mtu anayekimbizwa, amalize wimbo kabla umeme haujammaliza yeye. Hadi leo nyimbo zake huanza polepole na kuishia mbio, na wajuzi wa redioni huliita jambo hilo ufundi wake wa kipekee. Ufundi gani? Ni woga wa betri. Alipoota ndevu akahamia Malaba, akawa anapiga kinanda kwenye baa ya nyumba moja ya kulala wageni iliyotazamana na foleni ya malori. Madereva waliokwama pale wakisubiri kuvuka hawakuwa na pa kukimbilia, na huo ndio mwanzo wa umaarufu wake, kuwaimbia watu wasioweza kuondoka. Bendi moja ya ng'ambo ikamsikia, ikamchukua, naye akavuka mpaka na begi moja bila kumuaga mtu. Mama yake mzazi alipata habari kutoka kwa mchuuzi wa mayai ya kuchemsha.

Haukupita muda mrefu ikaja habari nyingine, kwamba gari la bendi ile limetumbukia mtoni huko mbali. Waliopatikana walizikwa. Silvano hakupatikana. Babu alivuka kwenda kumtafuta, akazunguka hospitali na vituo vya polisi mpaka soli za viatu zikabaki huko, akarudi na kofia ya mwanawe mkononi. Walingoja. Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, alikuwa akiweka chakula cha mtu mmoja zaidi kila jioni. Mwishowe wazee wakasema yatosha. Kwetu mtu akipotea na mwili usionekane, hatuiachi roho yake ihangaike bila anwani. Hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo ya aliyepotea, likaliliwa kama mtu, likazikwa. Sasa vijana waliotumwa kukata shina walikuwa wamekwisha kuionja busaa, pombe ya matanga, na kwa kuwa mvua ilikuwa imelainisha udongo, waliuvuta mgomba ukang'oka mzima, na kitako chake na mizizi yake yote. Nani angefunua shati la marehemu kukagua? Ukazikwa vizuri, kwa nyimbo na machozi, katika udongo wenye rutuba, mwanzoni mwa mvua ndefu. Ukipanda mgomba namna hiyo unangojea nini? Kabla machozi hayajakauka vizuri, kaburi la mjomba lilikuwa limechipua. Babu aliukata kwa panga. Ukarudi. Akaukata tena, ukarudi na wenzake. Mgomba haushindwi na mkunguwe, na ule haukushindwa hata na babu, mtu aliyewahi kumshinda fahali kwa maneno matupu.

Mimi nilizaliwa matanga yale yangali na vumbi. Mama alikuwa hajaolewa, kwa hiyo nilizaliwa nyumbani kwa babu, na nilizaliwa na kilio cha ajabu. Nasikia askari wa mpakani waliuliza ni king'ora cha nani. Mtoto akilia hivyo, kwetu huitiwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka anyamaze mwenyewe kwa lake. Waliniitia baba wa babu, nikalia. Wakaniitia shangazi wa kale aliyekufa kwa radi, nikazidi. Ndipo Kukhu akaninong'oneza sikioni, "Silvano." Nikanyamaza, nikanyonya, nikalala. Jina likanikaa kama mhuri wa polisi kwenye leseni ya mama ya kuuzia chai. Nikawa Silvano, mrithi wa kofia.

Sasa fikiria. Nimekwisha kutembea, nimekwisha kuanza shule, na mama yuko Malaba na chupa zake za chai akiwauzia madereva. Anammiminia mmoja, na redio ya lori inaimba. Mama aliijua ile haraka ya mwishoni kabla hajaijua sauti. Chai ilijaa kikombe, ikajaa kisahani, ikajaa kiatu cha dereva. "Dada, unaniosha miguu ama unaniuzia chai?" dereva akauliza. Aliyezikwa alikuwa anaimba. Baadaye tuliunganisha mambo: mjomba aligombana na kiongozi wa bendi, akashuka njiani kabla ya ule mto, kofia ikabaki garini, naye akashika njia yake na vidole vyake, mji hadi mji, hadi akawa Silva. Kalamu hakuiona. Simu hakuiona. Dereva yeyote wa Malaba angembebea salamu bure, lakini salamu hakuwa nazo. Na kilichomkausha babu kabisa ni mahojiano aliyoyasikia yeye mwenyewe, sebuleni, miguu ikiwa kwenye beseni: Silva Vidole aliulizwa kwao ni wapi, akasema yeye ni yatima aliyelelewa na muziki. Kukhu alikuwa ameketi palepale akichambua mchele. Babu aliinyoosha fimbo yake, akaizima redio kwa ncha.

"Mwanangu nilimzika," akasema. "Anayeimba huko ni ule mgomba."

Lilikuwa neno la uchungu tu, lakini lilitoka nje kwa mlango mmoja likarudi kwa mingine yote. Wanawake walilichukua kisimani, watoto wakalipeleka shuleni, na kufikia mwisho wa juma lile Mundika nzima ilikuwa na mgomba wake mashuhuri. Wazee nao wakatikisa vichwa kuhusu mimi. Jina la aliyekufa hupewa mtoto. Jina la aliye hai haligawanywi. Watu wawili hawawezi kuvuta pumzi kwa jina moja, walisema, mmoja atapungukiwa. Dawa ilikuwepo, tena haikuwa ngumu. Aliyezikwa akirudi, haingii kwa mlango wa mbele. Hutobolewa tundu kwenye ua nyuma ya nyumba, akaingia kinyumenyume, akachinjiwa kondoo, ule mgomba ukafukuliwa na kutupwa mtoni. Kisha hurudishiwa jina lake, na mtoto naye hutafutiwa jingine. Kabla ya hapo hata mama yake hamgusi. Nililishika hilo kama sala. Wenzangu walikuwa wakingoja Krismasi. Mimi nilikuwa nikingoja mtu apite kwenye tundu la ua.

Babu alipiga marufuku sauti ile nyumbani. Tangu siku hiyo redio haikuonekana tena sebuleni. Kukhu aliihamishia jikoni, akaitundika kwenye nguzo juu ya mafiga, karibu na samaki wa kukausha. Jiko letu lilikuwa nyumba ya peke yake, ya nyasi, na moshi wake ungeweza kuendesha treni hadi Kampala. Babu hakukanyaga humo, macho yake hayakuuweza. Mimi ndimi niliyeshinda humo, kwa kuwa mama alikuwa Malaba na Kukhu hakupenda kukaa peke yake. Saa ya muziki ikifika, Kukhu anasukuma kuni, anasogeza kigoda, anaongeza sauti kidogo. Kinanda kinaanza polepole. Na kifua changu kinaanza nacho. Wimbo ukishika mbio mimi niko sakafuni nakoroma kama pampu ya baiskeli, nikimlaani mjomba kwa matusi yote niliyoyajua na mengine niliyoyabuni. Kukhu ananipiga mgongo, ananinywesha maji, lakini mkono haupandi kuizima redio. Nilimwona kama mtu aliyelishwa limbwata na mwanawe. Nilimchukia yule mtu, na sisemi kwa utani. Nilikuwa nachora kinanda mchangani ili nikikojolee.

Halafu ukaja msimu ule. Migomba yote ya Mundika ilizaa kama inashindana, hadi ndizi zikakosa wa kuzinunua, na mabango yakabandikwa kutoka Busia hadi Malaba: Silva Vidole anakuja kuimba. Mama alileta habari nyingine chini ya mtandio, kwamba msaidizi wa Silva amefika kwenye foleni ya malori kuuliza njia ya kwetu. Siku ya onyesho, mchana, Silva atapita nyumbani.  Kesho yake asubuhi tulimkuta babu nyuma ya nyumba na panga, anatoboa tundu kwenye ua wa mitupa. Alilipima kwa mabega yake, akalipanua zaidi. "Huko wanakula vizuri," alisema. "Asije akakwama." Sikuwahi kumwona babu akifanya kazi kwa uangalifu namna ile. Kondoo alifungwa karibu, majembe mawili yakaegemezwa kwenye mgomba wa kaburi. Kukhu alisaga wimbi, akachinja jogoo mkubwa, na firigisi, ambayo kwetu ni ya mwanamume anayeheshimiwa, akaitenga kwenye kibakuli cha peke yake na kukifunika kwa jani. Mimi niliogeshwa mara mbili. Mama aliniuliza nataka jina gani jipya. Nikamwambia lolote lisilo na kinanda.

Alikuja na magari matatu, honi zao zikatufikia kabla yao. Akashuka. Suti nyeupe, viatu vyeupe, miwani nyeusi, na nyuma yake kijana wa kamera akirudi nyuma na kusonga mbele kama kunguru. Nilimtazama miguu kwanza. Alikuwa nayo. Hilo lilinitikisa, nikakata shauri kwamba ni ya kununua. Babu alikuwa amesimama ndani ya geti, mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Baba, fungua," mjomba akasema, kwa ile sauti yake ya maziwa. "Watu wa televisheni wanangoja."

"Pita nyuma," babu akajibu.

Mjomba akacheka, akamtazama kijana wa kamera, akaona kamera haijacheka. "Mzee, mimi siingii kwetu kwa tundu la ua kama mwizi wa kuku."

"Wa kwangu nilimzika, na shati lake. Kama ni wewe, pita nyuma nikujue. Kama si wewe, barabara ni hiyo."

Kijiji kizima kilikuwa kimeegemea ua, na sikusikia mtu akipumua. Pengine ndiyo sababu hewa ilinitosha siku hiyo. Kukhu akasogea hadi getini. Kati yake na mwanawe palikuwa na mbao tu na upana wa kiganja. "Silvano," akamwambia, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto, "zunguka tu, baba. Ni hapo nyuma ya migomba. Kila kitu kiko tayari."

Mjomba akaangalia njia ile ya nyuma, majani mapana yanayodondosha maji na utomvu, matope ya mvua ya jana. Akajiangalia.

"Mama, hii suti ni ya shoo," akasema.

Basi. Wenye elimu husema nyumba njema si mlango, lakini nataka wanionyeshe aliyeiona nyumba bila kuingia. Nikajua pale pale kwamba sitapata jina langu wala pumzi yangu, kwa sababu ya suti. Ndipo aliponiona, nimepenya kati ya miguu ya babu. "Na huyu nani?" akauliza, akitafuta mtu wa kumchekea. "Huyo ni wewe," babu akamwambia. Mjomba akainama, akanipa mkono juu ya geti, vidole virefu kama ndizi za mkono wa tembo, pete mbili. Niliuficha wangu mgongoni. Nikasema kwa sauti niliyoitaka iwe ya simba na ikatoka ya kifaranga:

"Nirudishie pumzi yangu."

 Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa mtu wa kwetu kabisa, na nilidhani ameelewa. Kisha akamgeukia kijana wa kamera na kumuuliza kama ameinasa hiyo. Akapanda gari. Kukhu alikwisha kunyoosha mkono kupita geti, akakumbuka kwamba hamgusi, akaurudisha taratibu na kuuweka kwenye kanga kana kwamba umeungua. Mjomba alitupungia kupitia dirishani na kutuachia tiketi za onyesho juu ya nguzo ya geti, viti vya mbele. Mbuzi wa jirani alizila zote; ndiye mtu wa pekee wa ukoo wetu aliyefaidi muziki ule. Kondoo alifunguliwa. Ile firigisi Kukhu aliipeleka yeye mwenyewe kwenye kaburi lenye mgomba, kibakuli na jani lake, akaiacha hapo.

Mwaka ule haujaisha, wimbo ukatoka. Mnaujua. Hakuna harusi kati ya Chakol na Busia ambayo haikuupiga, na bibi arusi hulia ufikapo mstari ule Silva anaposihi arudishiwe pumzi yake. Umempa tuzo, umempa nyumba yenye bwawa, umempeleka nchi ambazo mimi naziona kwenye ramani ya ukutani. Akiulizwa aliutoa wapi, husema kuna msichana aliyemvunja moyo. Msichana! Msichana yule alikuwa mimi, nina kaptula iliyochanika matakoni, na moyo uliovunjika haukuwa wake. Mcheza kwao hutuzwa, walisema, lakini huyu alitutoza sisi.

Siku hizi malori ya Malaba huvuka upesi kuliko zamani, na baa ile imekuwa duka la simu. Vijana wa bodaboda humsikiliza Silva kwa visikizi vya masikioni, kila mmoja na Silva wake, na hakuna anayejua kwamba amezikwa Mundika. Lile kaburi limekuwa shamba la migomba. Wageni wasiojua historia husifu ndizi zetu kwa utamu. Babu alifariki bila kuziba lile tundu la ua, na Silva alituma shada la maua ambalo katikati yake palikuwa na picha, si ya marehemu, bali yake mwenyewe kwenye kinanda. Mimi nilirudi shuleni nikiwa na ndevu, madarasa ya jioni, nikakalia dawati pamoja na mama wa watoto sita aliyenipita kwa hesabu, na nikahitimu kwa kishindo ambacho nasema kilisikika Tororo. Huko ndiko mwalimu wa sayansi alikonichorea mapafu ubaoni na kuniambia nina pumu. Nikaacha kuamini mgomba. Lakini sikumsamehe mjomba, na swali moja halikufutika ubaoni: mapafu niliyaelewa, ila sikuelewa yalijuaje ratiba ya redio. Maana sikukohoa kwa nyimbo za mwingine yeyote. Ni zake tu.

Kukhu yungali hai, mdogo kama punje, anapika kwa gesi na kulalamika kwamba haina ladha. Juzi tulikuwa tumeketi barazani, pikipiki ikapita barabarani na wimbo ule ukilia kwa nguvu, na mimi kwa mazoea nikashika kifua, nikasema mwizi wa pumzi huyo anapita. Kukhu kwa kawaida hunyamaza. Safari hii aliingojea pikipiki ipotee, na ile haraka ya mwishoni ipotee nayo.

"Hakuna aliyekuibia pumzi," akasema. "Ulikuwa moshi. Wimbo wake ukianza nilikuwa nasukuma kuni mbichi, ili babu yako asiingie jikoni akaizima redio."